Mvumo katika Vipaza Sauti: Tuukate Wapi?

Tumeulizwa swali lile lile na vijana wa kwaya mjini Mbeya, na tena na wenzao wa Iringa. Kwa nini vipaza sauti vya kanisa hukaa kimya vizuri mpaka laptopu inapounganishwa, na papo hapo spika zikaanza kuvuma mmmm, hata msomaji wa somo akawa kama anasoma karibu na mashine ya kusaga? Siku hizi laptopu imeingia katika ibada zetu. Huonyesha maneno ya nyimbo ukutani, hupiga muziki wa kufundishia kwaya, na hutoa sauti ya filamu za mafundisho. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao. Halmashauri ya parishi inayonunua vyombo, na mzee wa kanisa anayefunga milango jioni, nao yawapasa kulielewa.

Kwa kuwa tulifundisha sayansi katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, tutajibu kwa njia ya darasani. Lakini tunataka msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mvumo huu una tiba za namna mbili. Za namna moja ni salama. Ile nyingine huua, nayo ndiyo iliyo rahisi na ndiyo iliyoenea.

MVUMO NI NINI

Umeme wa TANESCO unaofika kwenye soketi zetu ni wa volti 230, nao hauendi upande mmoja kama maji ya bomba. Huenda na kurudi, mara 50 katika kila sekunde. Mtambo wa Mtera ulio mpakani mwa Iringa na Dodoma, uliofunguliwa mwaka 1988 na wenye nguvu ya megawati 80, ule wa Kidatu wa megawati 204, na ule wa Kihansi wa megawati 180, yote imeunganishwa katika gridi moja ya Taifa, nayo hulazimika kwenda kwa hatua moja kama askari wa gwaride. Ndiyo maana mvumo unaosikika Mbeya na ule unaosikika Iringa ni noti moja.

Mwalimu wa kwaya aweza kuupima kwa sikio. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde inakaribia sana G ya chini, ambayo ina mitetemo 49. Mvumo uko juu yake kidogo tu. Basi wimbo ukiwa katika ufunguo wa G, mvumo huimba doh. Ukiwa katika C, huimba soh. (Tuliwahi kusikia kwaya iliyozoea kuchukulia sauti yake hapo. Hatuwasifu.) Spika ndogo hazitoi vizuri sauti nzito hivyo, kwa hiyo mara nyingi tunachosikia ni mitetemo 100, yaani noti ile ile oktava moja juu. Ukiiimba na ikapatana na spika, umekwisha kujua kwamba adui anatoka katika umeme wa ukutani.

Iko kelele nyingine isiyo mvumo, nyembamba kama mbu, inayobadilika unapogusa kitufe au picha inapobadilika katika kioo cha laptopu. Hiyo hutoka katika kazi za ndani za laptopu na chaja yake. Lakini mara nyingi huingia katika spika kwa njia ile ile, na tiba zake ni zile zile.

NJIA MBILI ZA KWENDA ARDHINI

Plagi yetu ya miguu mitatu ilitoka Uingereza, ambako kanuni yake ilitolewa mwaka 1947. Mguu wa juu, ulio mrefu kuliko wenzake, ni wa waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Ndani ya kebo waya huo una rangi ya kijani na njano. Miksa ina plagi ya namna hiyo, na chaja nyingi za laptopu zinayo pia.

Sasa unganisha laptopu na miksa kwa kebo ya sauti. Ndani ya kebo mna waya wa katikati unaochukua sauti, na ganda la nyuzi nyembamba linaloufunika pande zote. Ganda hilo limeshikana na laptopu upande mmoja na miksa upande wa pili. Tazama kilichotokea: laptopu ina njia ya kwenda ardhini kupitia chaja yake, na ina njia ya pili kupitia ganda la kebo, kisha miksa, kisha plagi ya miksa. Njia hizo mbili zimekutana zikafanya mzunguko, kama pete kubwa ya waya iliyolazwa sakafuni mwa kanisa.

Wenzetu wa Iringa wanaolima vinyungu watatuelewa upesi. Ukiwa na vidimbwi viwili bondeni, na kimoja kikawa juu ya kingine kwa upana wa kidole, maji yatapita katika kila mfereji unaoviunganisha, mkubwa kwa mdogo. Mfereji mkubwa ni waya wa ardhi. Mfereji mdogo, ambao tulitaka ubaki safi kwa ajili ya miche, ni ganda la kebo ya sauti. Soketi mbili zilizo mbalimbali kanisani hazikosi tofauti ndogo ya umeme kati ya ardhi zao. Hata sehemu ya mia ya volti moja yatosha kutusumbua, maana sauti yenyewe inayotoka katika laptopu haizidi sana volti moja.

Pamoja na hayo, Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huamsha umeme katika mzunguko wa waya ulio karibu. Transfoma iliyo ndani ya amplifaya, na nyaya za umeme zipitazo ukutani, ni kama sumaku inayogeuka bila kupumzika. Pete yetu ya sakafuni huipokea, na kadiri pete inavyokuwa pana ndivyo inavyopokea zaidi. Fikirini kanisa ambalo miksa iko karibu na mimbari, laptopu iko nyuma kwenye meza ya vijana, na kila kimoja kimechomekwa katika ukuta wake. Hapo pete ni kanisa zima.

JARIBIO LA DAKIKA MOJA

Chomoa chaja katika laptopu, ifanye kazi kwa betri. Mvumo ukikoma pale pale, umejua kwamba mzunguko ulipita katika chaja.

Ukiendelea, chomoa kebo ya projekta. Watu wengi husahau kwamba kebo ile ya picha nayo ina ganda lililoshikana na ardhi ya projekta, na projekta yenyewe imechomekwa pengine. Huo ni mzunguko wa pili. Tumewahi kuona vijana wakibadilisha kebo za sauti tatu mfululizo, na kosa lote lilikuwa katika projekta iliyoning'inia juu ya vichwa vyao.

Ukiendelea hata baada ya kutoa kebo ya sauti katika miksa, laptopu haina hatia. Hapo zitazame kebo za maiki moja moja, kisha amplifaya. Amplifaya kuukuu huanza kuvuma pale kapasita zake zinapochoka. Mpelekee fundi, wala usiifungue mwenyewe, maana kapasita huweza kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

TIBA INAYOUA

Yuko fundi atakayekuja, asikilize kwa dakika mbili, kisha aombe msumeno. Atakata mguu wa ardhi katika plagi. Au ataufungua waya wa kijani na njano na kuukunja ndani. Au atachomeka kwa adapta ya miguu miwili, huku tundu la juu la soketi limesukumwa kwa kalamu ili vifuniko vya ndani vifunguke. Mvumo utakoma. Hapo ndipo ulipo mtego, ndugu zetu: tiba hii hufanya kazi. Mzunguko umekatika kweli, na kanisa zima litampigia makofi.

Tulionyeshwa plagi ya namna hiyo katika parishi moja ya nyanda hizi, ambayo hatutaitaja. Mguu ulikuwa umekatwa vizuri, na aliyeukata alikwisha kushukuriwa mbele ya watu. Baada ya majuma machache mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kulalamika kwamba maiki inamwasha midomoni. Wenzake walicheka wakisema ni woga. Tulipoweka mita kati ya chuma cha maiki na sakafu, ilionyesha zaidi ya volti 100. Ulikuwa ni umeme mdogo sana unaovuja kupitia sehemu za kuchujia umeme ndani ya chombo, ambao zamani ulipita kimya katika waya wa ardhi, na sasa ulitafuta njia nyingine. Haukuwa wa kuua. Lakini siku hitilafu kubwa ingetokea, njia ilikuwa imekwisha kutengenezwa, nayo ilipita katika midomo ya dada yule.

Maana kazi ya waya wa ardhi ni hii. Ndani ya kila chombo mna waya wa kahawia wenye umeme wa volti 230. Waya huo ukilegea au ukiungua na kugusa bodi ya chuma, umeme hukimbilia ardhini kwa njia ya waya wa kijani na njano, kwa nguvu nyingi, na fyuzi hukatika. Mguu ukiwa umekatwa, hakuna kinachokimbia wala kukatika. Bodi hubaki na volti 230 ikingoja mtu. Kutoka kwenye miksa umeme huo hufuata ganda la kebo mpaka kwenye maiki ya chuma iliyo mkononi mwa mwimbaji, naye labda amesimama bila viatu juu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi. Sasa yeye ndiye waya wa ardhi.

Wengine hujitetea kwamba wamekata mguu wa chaja ya laptopu tu, na laptopu bado hupata ardhi kupitia kebo ya sauti. Ni kweli, mpaka siku mtoto atakapojikwaa katika kebo hiyo ikachomoka. Na tena ganda lile la nyuzi nyembamba halikutengenezwa kubeba umeme wa hitilafu.

Wako wasemao, “Fyuzi itatulinda.” Tufanye hesabu. Mwili wa mtu huanza kusikia umeme wa kiasi cha miliampia 1. Ukizidi 10, misuli hujikunja na mkono huweza kushindwa kuachia. Ukifika 30 na kuendelea, moyo umo hatarini. Fyuzi ya plagi ni ya ampia 13, yaani miliampia 13,000. Gawanya kwa 30, utapata zaidi ya 400. Fyuzi huilinda kebo isiwake moto. Mwenye mkono wa nyama haioni kabisa.

Haya si mambo ya kutishia watoto. Tarehe 3 Mei 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maiki isiyokuwa na ardhi nzuri mbele ya wasikilizaji, akafa. Na tarehe 30 Oktoba 2005, katika mji wa Waco, Texas, Mchungaji Kyle Lake, mwenye umri wa miaka 33, alisimama ndani ya maji ya kisima cha ubatizo asubuhi ya Jumapili, akanyosha mkono kushika maiki, umeme ukamwua mbele ya washarika wake. Mwenye maiki mkononi na miguu mahali penye unyevu amesimama mahali ambapo makosa yote ya nyaya hukutana.

TIBA SALAMA

Basi kanuni ni moja, nayo tungependa iandikwe kwenye kifuniko cha miksa: mzunguko hukatwa upande wa sauti, upande wa umeme haukatwi.

Anza na ile isiyo na gharama. Laptopu, miksa, projekta na kinanda, vyote vichomekwe katika soketi moja kwa njia ya ekstensheni nzuri yenye ardhi. Tofauti kati ya ardhi zao itakuwa karibu na sifuri, na pete itakuwa ndogo. Msiogope kuizidishia soketi. Ampia 13 kwa volti 230 ni karibu wati 3,000, na laptopu hula kama 65, projekta kama 300, na miksa ndogo pungufu ya 50. Amplifaya ya kanisa la kawaida nayo itaenea humo. Ila birika la chai ya wageni litafutiwe soketi yake. Kama miksa iko mbele na laptopu iko nyuma, ni afadhali kuvuta ekstensheni toka mbele mpaka nyuma, ikienda sambamba na kebo ya sauti kwa nafasi ya mkono mmoja hivi, kuliko kutumia soketi ya ukuta wa nyuma. Mahali kebo hizo zinapopishana, zipishane kama msalaba.

Ya pili ni kupandisha sauti ya laptopu. Vijana wengi huiweka chini kabisa, kisha hufungua miksa mpaka mwisho ili kufidia. Hapo miksa hukuza sauti na mvumo pamoja. Weka laptopu kwenye robo tatu, rudisha miksa chini, na mvumo utazama. Na kebo iingie katika tundu la miksa lililo kwa ajili ya vyombo vya muziki, si lile la maiki. Tukiwa hapo, tuseme neno juu ya jambo moja linaloshangaza watu: plagi ya laptopu yenye njia mbili, ya kushoto na ya kulia, ikiingizwa moja kwa moja katika tundu la pini tatu, miksa huitoa njia moja kwa nyingine. Sauti ya mwimbaji, iliyo sawa katika njia zote mbili, hupotea, na muziki wa pembeni hubaki. Wengine hudhani kompyuta imeharibika.

Betri pia ni tiba kamili, kwa muda wake. Kwa Sala ya Asubuhi yatosha. Kwa ibada ya Kipaimara, siku Askofu anapokuja, betri nyingi zitakata tamaa kabla ya mahubiri.

Tiba ya kudumu ni kisanduku kidogo chenye transfoma ya sauti, kinachowekwa kati ya laptopu na miksa. Ndani yake mna koili mbili zisizogusana, kama katika transfoma iliyo juu ya nguzo ya umeme. Sauti huvuka kwa njia ya sumaku, lakini hakuna waya unaovuka, na hivyo mzunguko umekatika huku kila plagi ikibaki na miguu yake mitatu. Cha kuchomeka katika kebo ya laptopu bei yake ni ndogo kuliko ya maiki nzuri. Kile ambacho mafundi wa muziki hukiita DI ni kikubwa zaidi, na hutoa sauti katika kebo ya maiki ya pini tatu. Kebo hiyo ina nyaya mbili ndani ya ganda. Sauti ikipanda katika mmoja hushuka katika mwingine, lakini mvumo unaoingia njiani huzipata zote sawasawa. Miksa hufanya hesabu ya kutoa, mvumo ukajifuta. Kwa sababu hiyo kebo ya DI yaweza kwenda mita 30 bila taabu, na ile nyembamba ya laptopu haifai kuzidi mita chache. DI nyingi zina swichi ndogo ya kukata ganda la kebo. Iguseni bila hofu, maana hukata ardhi ya kebo ya sauti peke yake.

NYUMBA MBILI, FIMBO MBILI

Makanisa yetu kadhaa hayana mita yao. Umeme wao hutoka nyumba ya kasisi, kwa waya uliovutwa uani. Mengine yana mita, lakini kinanda huchomekwa kutoka ofisini kwa sababu soketi za kanisani hazitoshi. Hapo mvumo huwa mkubwa ajabu, maana kila jengo laweza kuwa na fimbo yake ya ardhi, na kati ya fimbo mbili tofauti ya volti si ndogo tena. Vyombo vyote vya sauti vipate umeme toka jengo moja. Hili si la kujadiliana.

Na fimbo yenyewe itazamwe. Kuanzia Juni mpaka Oktoba udongo wa Iringa hukauka ukawa kama tofali, na fimbo fupi iliyopigwa juu juu hushika hewa tu. Tuseme ina ukinzani wa omu 20. Hitilafu ikitokea, volti 230 ikigawanywa kwa 20 hutoa ampia 11.5. Fyuzi ya 13 haikatiki! Mguu wa plagi ni mzima, waya ni mzima, na bado bodi ina umeme. Kwa hiyo kila kanisa liwe na swichi ya usalama ya miliampia 30, ambayo mafundi huiita RCD. Hii hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ikiona upungufu hukata kabla moyo haujadhurika. Ina kitufe cha kujaribia chenye herufi T. Kibonyezeni mara moja kwa mwezi. Umeme usipokatika, swichi imekufa. Kama kuna mwenye plagi iliyokatwa mguu, aibadilishe juma hili. Plagi mpya hufungwa kwa bisibisi katika muda wa robo saa.

Mvua zikianza, mwezi wa Novemba, radi za Mbeya hutuongezea kazi nyingine. Radi ikipiga karibu, ardhi za majengo mawili huweza kutofautiana kwa maelfu ya volti kwa muda wa kufumba jicho, na kebo ya sauti iliyoyaunganisha ndiyo daraja. Mkisikia ngurumo, chomoeni laptopu katika chaja na katika miksa, zimeni amplifaya, na kwaya iimbe bila vipaza sauti mpaka wingu lipite.